Bunduki ya marisau kwa ulinzi wa nyumba ya shamba, Malindi: nichague ipi na niipange vipi?

Mkulima wa Ganda

Assalamu alaikum, wenzangu. Ninaishi na familia yangu nje kidogo ya mji wa Malindi, upande wa Ganda, katika shamba la minazi na mikorosho ambalo marehemu baba alituachia. Kuta za nje za nyumba ni za mawe ya matumbawe, haya yanayochimbwa huku huku pwani, lakini vyumba vya ndani vimegawanywa kwa mbao nyembamba, dari ni ya sofutibodi, na paa ni la mabati. Hatua 30 kutoka mlango wa jikoni kuna banda la makuti analolala mama yangu, ambaye amekataa katakata kuhamia nyumba kubwa kwa sababu, asemavyo yeye, mabati yanampika kichwa.

Miezi mitatu iliyopita jirani yetu alivamiwa usiku na watu wanne wenye mapanga. Hakuna aliyekufa, ila kijana wake alikatwa mkono, na tangu siku hiyo mke wangu hapati usingizi wa maana. Nimefuata utaratibu wa kuomba cheti cha silaha, nimehojiwa, nimechukuliwa alama za vidole, na sasa imebaki nitaje aina ya bunduki na idadi ya risasi zitakazoandikwa katika cheti hicho. Muuzaji mmoja amenishauri nichukue bunduki ya pampu, ile unayoivuta kwa mkono kila mara ili itoe ganda na kuingiza risasi nyingine, yenye tochi, darubini ndogo, mkanda wa risasi ubavuni na kitako cha kukunja, kwa bei ambayo ingeninunulia ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake. Binamu yangu, kwa upande mwingine, anasema mitutu miwili ya kizamani, ile inayokunjwa katikati ili kujazwa, inatosha, na kwamba bunduki ya marisau haihitaji kulengwa, kwani unaielekeza tu mlangoni na chembe zinajitafutia njia.

Mimi sijawahi kumiliki silaha. Ningependa kusikia kwa walioishi nazo: ipi inafaa nyumba kama yangu, risasi za ukubwa gani, vikorokoro vipi ni vya lazima, na je, mke wangu anaweza kuitumia nisipokuwapo?

Askari wa Pori Mstaafu

Wa alaikumu salaam, ndugu yangu, na poleni kwa yaliyompata jirani. Nilibeba bunduki kazini kwa zaidi ya miaka 20, nyingi kati ya hizo nikiwa bara ya Lamu, kwa hiyo nitaanza na hilo la binamu yako, kwa sababu ndilo linaloweza kumfikia mama yako bandani.

Si kweli kwamba bunduki ya marisau hailengwi. Mtutu usio na kibano mdomoni, yaani ule usiobanwa mwishoni ili kukusanya chembe pamoja, hutawanya chembe zake kwa takriban sentimita mbili na nusu kwa kila mita zinayosafiri. Ukisimama ukumbini na mtu akawa mita nne mbele yako, tundu litakuwa la sentimita 10, yaani kiasi cha kisahani cha kikombe cha kahawa. Ukimkosa kwa shibri moja, umemkosa kabisa, na chembe zote zinaendelea na safari yake. Zinakwenda wapi? Ukuta wako wa matumbawe utazizuia. Mbao za ndani, sofutibodi, mlango wa jikoni na makuti havitazizuia hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua bunduki, tembea nyumbani mwako mchana, simama kila mahali unapodhani utasimama usiku, kisha jiulize nani analala nyuma ya kile unachokitazama. Mimi nilipofanya hivyo kwangu niligundua kwamba mahali pazuri pa kusimama palikuwa mahali pamoja tu, na kwamba kitanda cha mwanangu kilipaswa kuhamishwa.

Sasa bunduki. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na geji ya 12 ni jina la zamani: ukigawa ratili moja ya madini ya risasi katika mafungu 12 na kila fungu ukalifinyanga kuwa tufe, tufe hilo linaingia sawasawa mdomoni mwa mtutu, ambao upana wake ni milimita 18.5. Geji ya 20 ni nyembamba zaidi, milimita 15.6 hivi, na teke lake begani ni dogo. Kama wewe ni mtu wa umbo dogo, au unatarajia siku moja mkeo apate cheti chake, usiidharau geji ya 20. Kwa umbali wa ndani ya nyumba hakuna mvamizi atakayetambua tofauti. Taabu yake ni upatikanaji wa risasi, maana maduka yaliyoruhusiwa hujaza zaidi za 12.

Kuhusu pampu na mitutu miwili, nimetumia zote mbili, nami siwezi kukubaliana na muuzaji wako wala kumkataa moja kwa moja. Pampu hubeba risasi nne au tano na hustahimili uchafu, lakini mkono wenye hofu huivuta nusu. Ganda la risasi iliyokwisha kupigwa halitoki, risasi mpya haiingii, na mwenye bunduki hubaki ameshika rungu la gharama. Nimeona jambo hilo likiwatokea watu waliofunzwa, sembuse mkulima aliyeamshwa saa nane za usiku. Mitutu miwili ina risasi mbili tu, ila ukiikunja unaona kwa macho yako kama imejaa au ni tupu, na hakuna cha kukwama. Asiyekusudia kufanya mazoezi angalau mara chache kila mwaka ninamwambia achukue mitutu miwili. Atakayefanya mazoezi achukue pampu. Ile inayojijaza yenyewe iache, kwa sababu huchagua risasi na hutaka usafi ambao vumbi letu na chumvi yetu havitakupa.

Na yule atakayekwambia kwamba mlio wa kuvuta pampu peke yake humfukuza mwizi, mwambie kwamba mlio huo humjulisha mwizi mahali ulipo.

Risasi zenyewe: watu wengi hutaja zile za chembe tisa, kila chembe milimita 8.4, zinazoitwa sifuri mbili. Hizo zina nguvu kuliko unavyohitaji katika nyumba ya mbao. Zipo za nambari 4 za kuwindia wanyama, chembe 27 hivi za milimita 6.1, ambazo hupoteza mwendo mapema zaidi zinapopita vizuizi, ingawa nazo hazitasimama kwenye ubao mmoja. Usichanganye nambari 4 hizo na nambari 4 ya ndege, kwa kuwa ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Soma boksi kwa makini. Risasi za ndege, kama zile za nambari 7½ zenye chembe za milimita 2.4, hazipenyi vya kutosha kumzuia mtu mzima aliyekusudia: hufanya jeraha baya la juu juu, naye akaendelea kuja. Watu wa FBI, polisi wa upelelezi kule Marekani, huipima risasi kwa jelatini na kutaka ipenye angalau sentimita 30, na chembe za ndege hufika karibu nusu yake. Tembe moja kubwa isiyogawanyika usiinunue kwa kazi ya nyumbani. Hiyo itavuka banda la mama na mnazi ulio nyuma yake.

Mama wa Mkomani

Nimesoma maneno ya mzee wetu na ninayaunga mkono, ila yeye amezungumzia nyumba ya shamba. Niruhusuni niseme ya Amu, yaani mji wa Lamu, ulipo mtaa wetu wa Mkomani, kwa sababu najua wako watakaosoma hapa wakiwa ndani ya nyumba za mawe kama yangu.

Kuta zetu ni nene, nusu mita na zaidi mahali pengine, na hakuna marisau yatakayompata jirani kwa kupitia ukutani. Hatari yetu iko kwingine. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba tangu zama za mababu, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, haviendi mbali na mita tatu kwa upana, na ngazi zinapinda ghafla. Marehemu mume wangu alikuwa na mitutu miwili yenye urefu wa sentimita 115 hivi. Usiku mmoja tuliposikia kishindo kiwandani, yaani uani, alitaka kushuka nayo, na mtutu ukagonga ukuta wa ngazi mara mbili kabla hajafika chini, hata aliyekuwapo akapata muda wa kutosha wa kupanda juu ya paa na kuondoka. Alikuwa mtoto wa jirani aliyefuata paka wake. Nasema hivi bila kucheka, kwa sababu mume wangu alirudi chumbani akakaa kitandani mpaka alfajiri akitetemeka, na asubuhi yake akaamua kwamba hatashuka ngazi na bunduki tena maishani mwake.

Tangu hapo mpango wetu ulikuwa huu: watoto wote na mama mkwe wanaingia ndani, kile chumba cha mwisho, mlango unakomewa kwa komeo la mbao, mtu mmoja anapiga 999 au 112 na kisha kumpigia mzee wa mtaa, na mwenye bunduki anakaa pembeni mwa kitanda akiutazama mlango, wala hatoki. Mlango wa kuchonga wa mvule haufunguliwi kwa teke moja. Atakayeuvunja atakuwa ameshaonyesha nia yake bila shaka yoyote, na wewe umekwisha kumwambia kwa sauti, mara mbili na tatu, kwamba una silaha na askari wanakuja. Vitu vya thamani vilivyoko msanani, chumba cha mbele, avichukue. Televisheni hainunuliwi kwa damu.

Tena kuna jambo la nje. Mtaa wetu una wikio, vyumba vinavyovuka juu ya kichochoro, na watu hukaa madakani, kwenye vibaraza vya milangoni, hadi usiku wa manane, hasa Ramadhani. Kupiga risasi dirishani kuelekea kichochoroni ni kupiga usiyemjua. Na marisau yakigonga jiwe kwa mshazari huruka upande mwingine pamoja na vipande vya chokaa.

Kwako wewe, mwanangu wa Ganda, naona swali kubwa si pampu wala mitutu miwili. Mama yako yuko bandani, na wewe uko nyumba kubwa, na mvamizi anaweza kuwa kati yenu. Utampigia nani risasi katika giza, ikiwa mwenyewe mama ametoka kuja kwako akisikia kelele?

Wakili Mwenyeji

Nitajibu sehemu ya sheria peke yake. Cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutolewa kwa mtu aliyeonyesha sababu nzuri na anayefaa, nacho hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi. Ni cha mtu, si cha nyumba. Mke wako hana ruhusa ya kukaa na bunduki yako wakati wewe uko Mombasa, na wewe huna ruhusa ya kumwachia ufunguo. Akitaka, naye aombe chake. Usikubali pia mtu yeyote akukatie mtutu ili uwe mfupi kwa ajili ya ngazi au gari, kwa kuwa hilo ni kosa lenyewe hata kama bunduki ina cheti. Silaha ikipotea au ikiibiwa, polisi waambiwe mara moja.

Kuhusu kuitumia, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba kujilinda, na kulinda mali, kutapimwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba mahakama itauliza uliamini nini wakati ule, na kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari uliyoiona. Mtu mwenye panga aliyevunja mlango wa chumba walimo watoto ni hatari ya uhai. Mtu huyo huyo, akiwa ametupa panga na anakimbilia mikoroshoni, si hatari tena, na jeraha la mgongoni ni gumu sana kulieleza. Nimeketi na wateja waliodhani kwamba ua lao ni mpaka wa sheria. Ua si mpaka wa chochote katika jambo hili.

Naongeza jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi: kila kikorokoro cha kutisha ulichokifunga kwenye bunduki kitawekwa mezani mahakamani, na utaulizwa ulikuwa unajiandaa kwa ajili ya nini.

Fundi wa Mashua

Mimi si mtu wa bunduki nyingi, ila najua chuma na chumvi. Hapa kwetu upepo wa kusi ukianza, msumari usiopakwa kitu unabadilika rangi ndani ya wiki. Bunduki iliyofungiwa ndani ya kifuko cha ngozi au kitambaa huoza upesi kuliko iliyo wazi, kwa sababu kifuko hunyonya unyevu na kuushikilia dhidi ya chuma. Iweke ndani ya kasha la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani, weka humo pakiti za kukaushia unyevu uzibadilishe zikijaa, na uifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine kila wiki mbili, pamoja na kila baada ya kushikwa na mikono yenye jasho. Tazama sana ndani ya mtutu, maana kutu ya nje huonekana na ya ndani hujificha.

Usitumie mafuta ya nazi, hata kama babu alitumia. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, na usiku wa Julai hufika huko, kwa hiyo yatageuka kuwa ugali ndani ya mtambo. Risasi nazo zina vitako vya shaba nyeupe au chuma. Zikianza kuota ukijani, ziondoe kwenye matumizi ya ulinzi, na ambazo zimevimba usizipige kabisa. Ukinunua boksi, andika tarehe juu yake kwa kalamu.

Mkulima wa Ganda

Nawashukuru nyote, na wewe mama wa Mkomani hasa, kwa sababu swali lako lilinifanya nisilale. Siku iliyofuata nilifanya alivyosema mzee, nikatembea nyumbani mwangu na kipande cha chaki, nikichora mstari sakafuni kila mahali ninapoweza kusimama. Katika mistari saba, mitano ilielekea ama kwenye chumba cha watoto ama kwenye banda. Nilimwonyesha mama mistari hiyo bila kusema mengi. Amekubali kulala nyumba kubwa kwa sharti kwamba nitoe mabati ya chumba chake na kuezeka makuti juu yake, na fundi ameshaanza.

Nimeacha pampu. Nitachukua mitutu miwili ya geji ya 20, isiyo na reli ya kufungia vikorokoro wala darubini, na risasi za wanyama zenye chembe ndogo. Swali lililobaki ni tochi: niifunge kwenye bunduki au niishike mkononi? Na je, niiweke bunduki ikiwa imejazwa ndani ya kasha?

Askari wa Pori Mstaafu

Uamuzi mzuri, ingawa mwenzio aliyechagua pampu naye hajakosea, alimradi afanye mazoezi. Kabla ya kuamini risasi yoyote, nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa na utundike karatasi kubwa kwa mita tatu, mita tano na umbali mrefu kuliko wote uliomo ndani ya nyumba yako. Piga kila mtutu mara moja kwa kila umbali na upime upana wa matundu kwa rula. Mitutu miwili ya bunduki moja mara nyingi ina vibano tofauti, na utashangaa. Vaa kinga ya masikio, na ujue kwamba ndani ya chumba hutakuwa nayo: mlio mmoja ndani ya kuta za mawe utakuziba masikio kiasi cha kutosikia mtoto akikuita, kwa hiyo panga na familia ishara isiyotegemea sauti.

Kuhusu tochi, ndicho kikorokoro pekee ninachokitetea, kwa sababu hupigi usichokitambua. Lakini tochi iliyofungwa kwenye mtutu humulika kile tu ambacho mtutu umekielekea, na hutaki kumwelekezea mama mtutu ili ujue kama ni mama. Funga taa ya ukumbini yenye betri, swichi yake iwe chumbani mwako karibu na kitanda. Aliyeko ukumbini atakuwa kwenye mwanga na wewe gizani, na mikono yako miwili iko kwenye bunduki.

Ama kujaza, hapana. Kitufe cha usalama cha bunduki nyingi hufunga kifyatulio tu. Ikianguka, kinachopiga risasi bado kinaweza kusogea. Iweke tupu, imekunjwa, ndani ya kasha, na risasi mbili katika kijaluba kwenye kasha dogo la pili lenye ufunguo wake. Kisha fanya mazoezi kwa risasi bandia za plastiki, watoto wakiwa shuleni na risasi halisi zikiwa chumba kingine: amka kitandani, fungua kasha, jaza, funga, kaa pembeni ukiutazama mlango. Mara ya kwanza mimi ilinichukua karibu dakika mbili, kwa sababu ya ufunguo. Nikabadilisha kufuli iwe ya tarakimu.

Mkulima wa Ganda

Nimejaribu jioni hii kwa fimbo ya mwavuli badala ya bunduki, kwani bado sijaichukua. Dakika moja na sekunde 40. Mke wangu ndiye aliyeshika saa, na amesema kwamba kwa muda huo mwizi angekuwa amemaliza wali wa jikoni, kwa hiyo kesho tunaanza na komeo la mlango.